Gari linapoyumba kwenye breki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kurekebisha gari kwenye gemu za mbio

Maswali haya yanahusu gemu zinazoiga fizikia ya gari halisi: Assetto Corsa na Assetto Corsa Competizione, iRacing, rFactor 2, Automobilista 2, na kwa sehemu kubwa Gran Turismo 7 pia. Majina ya vipimo hubadilika kutoka gemu moja hadi nyingine, ila tairi ni tairi popote. Nimeanzia kwenye breki kwa makusudi. Gari linalogoma kukata kona unaweza kulizoea, lakini gari usiloliamini kwenye breki halikupi nafasi ya kujifunza kitu kingine chochote.

Kila nikikanyaga breki kwa nguvu nyuma inachomoka, gari linazunguka. Nibadilishe nini?

Kwa sasa usibadilishe chochote. Jibu kwanza swali hili: inachomoka wakati gani?

Breki ya kuingia kona ina hatua tatu, na kila hatua ina ugonjwa wake. Hatua ya kwanza ni pale mguu unapotua kwenye pedali, gari limenyooka na mwendo bado ni mkali. Ya pili ni katikati, unaposhusha gia. Ya tatu ni pale unapoanza kuzungusha usukani huku mguu haujatoka kwenye breki. Nyuma ikichomoka mwanzoni kabisa, shuku mgawo wa breki (yaani nguvu ya breki inavyogawanywa kati ya mbele na nyuma), au shuku kwamba usukani haukuwa umenyooka ulipokanyaga. Ikichomoka katikati, shuku gia. Ikichomoka mwishoni, shuku difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili), shokapu, na kabla ya hivyo vyote shuku mguu uliochelewa kuachia.

Rekodi mizunguko mitano, kisha itazame tena polepole ukiwa nje ya gari, kamera ikiwa nyuma. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na springi kwa tatizo ambalo marudio ya video yangewaonyesha kwa dakika mbili: usukani ulikuwa umepinda kidogo kila walipokanyaga.

Kwa nini nyuma ndiyo inayosumbua, wakati breki kubwa ziko mbele?

Kwa sababu nyuma inabaki nyepesi. Ndani ya gari hakuna kilichohama. Kinachohama ni mzigo unaobebwa na matairi. Kiasi kinachohama kinatokana na uzito wa gari, ukali wa breki, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Chukua gari la kilo 1,300 ambalo asilimia 45 ya uzito iko mbele. Kitovu cha uzito kiko sentimita 45 kutoka chini, na ekseli zimeachana mita 2.7. Likiwa limesimama, mbele kuna kilo 585 na nyuma 715. Kanyaga breki kwa ukali wa 1.5 g (mara moja na nusu ya mvuto wa dunia), ukiacha kando nguvu ya upepo, na mzigo wa kilo 325 hivi unahamia mbele. Sasa mbele inabeba 910, nyuma 390. Ekseli iliyokuwa nzito zaidi imebaki na asilimia 30 tu ya mzigo, na bado unaidai ishike breki, ishike mwelekeo, na mara nyingi ibebe pia mvuto wa injini unaposhusha gia.

Tena tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu. Likiutumia wote kusimamisha gari, halibakiwi na wa kulizuia lisiende pembeni. Tairi la mbele likikwama, yaani likiacha kuzunguka wakati gari bado linakwenda, gari linanyooka moja kwa moja kama mshale. Unaachia kidogo, linarudi kutii. La nyuma likikwama, mkia hauna kinachoushikilia tena, na ukija kushtuka umeshatazama ulikotoka. Hii tofauti ndiyo msingi wa karibu kila jibu lililo hapa chini.

Mgawo wa breki niweke asilimia ngapi?

Hakuna namba moja ya kukupa, na anayekupa bila kuuliza gari gani usimfuate. Katika mfano wa hapo juu, kwenye 1.5 g, mbele ingestahili asilimia 70 ya nguvu ya breki. Gari lenye injini nyuma linahitaji tofauti na lenye injini mbele. Isitoshe, namba inayoonekana kwenye skrini haina maana ileile kwa kila gari: pengine inahesabu shinikizo la mafuta ya breki, wakati diski na kalipa za mbele na za nyuma hazilingani ukubwa. Kwa hiyo asilimia 56 ya gari moja usiipeleke kwenye jingine.

Itafute mwenyewe. Zima ABS (mfumo unaozuia tairi lisikwame) kama gari linaruhusu, tafuta sehemu ndefu iliyonyooka, fika mwendo uleule kila mara, kanyaga hadi tairi likwame. Kama la nyuma linatangulia, peleka mgawo mbele kwa nusu asilimia, rudia. Unatafuta mahali ambapo ya mbele yanakwama kwanza, lakini kwa tofauti ndogo mno. Ukipitiliza mbele, gari litatulia kweli, lakini umbali wa kusimama utaongezeka, matairi ya mbele yatachemka, na kona zitaanza kukukataa.

Angalia pia upande namba inakoongezeka. Gemu nyingine huhesabu sehemu ya mbele, nyingine hutumia jumlisha na kutoa, na kugeuza upande kwa bahati mbaya ni kosa la kawaida sana.

Mvua ikinyesha nipeleke mgawo mbele zaidi ili niwe salama?

Hapana, rudisha nyuma kidogo. Watu hushangaa, lakini hesabu ni ileile. Barabara ikiwa na maji huwezi kufikia 1.5 g, tuseme unapata 0.7. Mzigo unaohama kwa gari letu unashuka hadi kilo 152 hivi, na nyuma inabaki na asilimia 43 ya uzito badala ya 30. Ukibaki na mgawo wa barabara kavu, ya mbele yatakwama mapema huku ya nyuma hayana kazi. Asilimia moja au mbili mara nyingi inatosha. Utulivu wa mvua utafute kwenye mguu laini.

Natumia ABS. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu. ABS iliingia kwenye magari ya kawaida mwaka 1978, Bosch na Mercedes-Benz walipoitoa kwenye S-Class, na kazi yake mpaka leo ni kuzuia tairi lisikwame. Haiongezi mshiko. Ikianza kufanya kazi mapema kwenye ekseli moja, ujue mgawo wako haujakaa sawa, na unapoteza mita kila kona. Magari ya GT3 (magari ya mbio yaliyotokana na magari ya michezo ya barabarani) yanaruhusiwa ABS ila ya Formula 1 yamekatazwa tangu 1994, kwa hiyo mazoea ya gari moja yanaweza kukuumiza kwenye jingine. Ushauri wangu: jifunze kukanyaga mpaka karibu na mahali ABS inapoanza kutetemesha, uiache ikuokoe siku ya kosa.

Mwanzo wa breki nipo salama, lakini nikikaribia kona matairi yanakwama ghafla. Mguu wangu haujasogea!

Hapo ndipo penye tatizo: ulipaswa kusogea.

Gari lenye mabawa linakandamizwa chini na upepo, na nguvu hiyo inafuata mraba wa mwendo. Mwendo ukishuka kwa nusu, mkandamizo unabaki robo. Ukitoka 260 km/h hadi 80, unabaki na sehemu moja tu katika kumi hivi ya ule uliokuwa nao. Tairi lililokuwa linavumilia breki yote pale juu haliwezi kuivumilia hapa chini. Ndiyo maana madereva wazuri hupiga breki kali mara moja, kisha huanza kuachia taratibu mapema kuliko unavyodhani. Ukitazama grafu ya pedali yao, inapanda kama ukuta na kushuka kama mteremko mrefu. Ya mtu anayeanza mara nyingi ni kinyume: inapanda polepole kwa woga, inafika kileleni pale ambapo gari halina tena mshiko wa kutosha. Kona ya kwanza ya Monza, uwanja wa mbio wa Italia, ni mwalimu mkali wa jambo hili kwa sababu unaifikia ukiwa na mwendo wote wa gari na kuiingia kwa gia ya chini kabisa.

Kuna jambo la pili linaloambatana na hili. Ukikanyaga, pua ya gari inainama na mkia unainuka. Kwenye gari la mabawa, mwinamo huo unasogeza mkandamizo kuelekea mbele, na nyuma, ambayo tayari imepoteza uzito, inapoteza na upepo wake. Kama gari linaogopesha kwenye breki za mwendo mkubwa tu, lakini kwenye kona za polepole limetulia, punguza kimo cha nyuma kwa milimita chache, au kaza springi za mbele, au ongeza bawa la nyuma. Mimi huanza na kimo, kwa kuwa bawa linakula mwendo kwenye nyoofu.

Mkia unatikisika kila ninaposhusha gia.

Unashusha mapema. Injini yenye mizunguko mikubwa inavuta magurudumu inayoyaendesha, na kwa magari mengi ya mbio hayo ni ya nyuma. Mvuto huo ni breki ya ziada ambayo mgawo wako haukuihesabu. Kila gia unayoishusha kabla ya wakati wake ni sawa na kuvuta breki ya mkono kidogo.

Chelewesha kila gia kwa sehemu ya sekunde tu, na uache nafasi kati yao. Kama gari lina kipimo cha mvuto wa injini, kipunguze. Ukiwa na klachi ya mguu, gusa petroli unaposhusha ili mizunguko ya injini ilingane na ya magurudumu. Ukifanya hivyo na mkia bado unatikisika, peleka mgawo mbele nusu asilimia.

Difu inahusikaje na breki?

Difu inaamua kama magurudumu mawili ya ekseli inayosukuma gari yanaruhusiwa kuzunguka kwa mwendo tofauti. Mguu ukiwa umetoka kwenye petroli, difu iliyofungwa zaidi inayalazimisha yaende pamoja, na hilo linanyoosha gari: utulivu unaongezeka, wepesi wa kuingia kona unapungua. Iliyolegea inaacha gari ligeuke kwa urahisi, wakati mwingine kwa urahisi kupita kiasi. Gran Turismo 7 imegawa jambo hili katika vipimo vitatu: mkazo wa mwanzo, wa kuongeza mwendo, na wa breki. Huo wa tatu ndio unaoutaka kwa hatua ya mwisho ya breki, unapogeuza usukani mguu ukiwa bado kwenye pedali. Kwenye gemu nyingine utakutana zaidi na mkazo wa mwanzo, unaopimwa kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukiuongeza, unatuliza kile kipindi kifupi cha kutoka breki kwenda petroli, ambapo magari mengi yenye injini katikati hupenda kuchomoka.

Difu naigusa kabla ya springi. Athari yake ni wazi, na haiharibu vitu vingine vingi.

Nimekaza stebilaiza lakini breki haijabadilika.

Haitabadilika kama gari limenyooka. Stebilaiza, ile nondo inayounganisha magurudumu mawili ya ekseli, inafanya kazi gari linapolala upande mmoja. Magurudumu mawili ya ekseli yakipanda na kushuka pamoja, kama inavyotokea kwenye breki ya nyoofu, inazunguka tu bila kupinga. Athari yake utaiona ukianza kugeuza: kulegeza ya nyuma kunaongeza mshiko wa nyuma kwenye kona, kukaza kunaupunguza.

Basi springi na shokapu zinafanya nini?

Springi zinaamua pua inainama kiasi gani. Shokapu zinaamua inainama kwa haraka gani. Hakuna kati yake inayopunguza ule mzigo wa kilo 325. Huo unapunguzwa kwa kushusha gari zima au kwa kushika breki kidogo. Watu wengi hukaza kila kitu wakiamini wamezuia uzito usihame, halafu wanapata gari linalorukaruka.

Pua inapoinama, shokapu za mbele zinabonyea na za nyuma zinafunguka. Kama gari linashtuka katika ile nusu sekunde ya kwanza kisha linatulia, kaza kidogo kipimo cha kubonyea kwa mwendo wa taratibu wa shokapu za mbele, au legeza kufunguka kwa nyuma ili matairi yafuate ardhi badala ya kunyanyuliwa. Hatua moja au mbili, si sita.

Kwenye barabara yenye mabonde mambo yanageuka. Kona ya mwisho ya Sebring, uwanja wa mbio wa Marekani, ya 17, ina saruji iliyovimba na kubonyea, na gari lililokazwa kwa barabara laini litakuwa hewani nusu ya muda wa breki. Hapo legeza kipimo cha mwendo wa haraka wa shokapu, na uinue gari kidogo ili tumbo lisigonge. Utapoteza wepesi kidogo sehemu nyingine za mzunguko, na ni sawa kabisa.

Upepo wa matairi una uzito gani katika hili?

Mkubwa, na unapaswa kuwa wa kwanza kuwekwa sawa kwa sababu ukikosea hapa vipimo vingine vyote vitakudanganya. Kwa GT3 kwenye Assetto Corsa Competizione, tangu toleo la 1.9, lenga psi 26 hadi 27 matairi makavu yakishapata moto. Soma namba baada ya mizunguko mitatu au minne, wala usiisome gereji. Kila nyuzi moja ya joto la tairi inabadilisha upepo kwa takriban psi 0.1, hivyo setapu (vipimo vyote vya gari ulivyoviweka) ya asubuhi yenye baridi haitafaa mchana wa jua.

Kuna kitu wengi hukisahau: joto la breki hupita kwenye rimu na kuingia kwenye tairi. Ukifunga njia za hewa za kupoza breki za nyuma, upepo wa matairi ya nyuma utapanda.

Alaimenti je?

Tou (uelekeo wa magurudumu yakitazamwa kutoka juu) ya nyuma ikielekea ndani, gari hutulia kwenye breki, na bei yake ni joto na mwendo kidogo kwenye nyoofu. Ongeza kwa sehemu ya kumi ya nyuzi. Tou ya mbele ikielekea nje sana hulifanya gari liwindewinde kushoto na kulia unapokanyaga. Kemba (mlalo wa tairi likitazamwa kutoka mbele) kubwa mno ya mbele hufanya tairi likanyage kwa ukingo wa ndani tu likiwa limenyooka, na tairi la namna hiyo hukwama mapema.

Pedali zangu ni za bei nafuu. Je, tatizo ni hizo?

Huenda, lakini hakikisha kwanza zimepimwa vizuri ndani ya gemu. Fungua skrini inayoonyesha pedali, kanyaga kwa nguvu unayoweza kuirudia mara mia bila kuchoka, na hakikisha hapo ndipo asilimia 100. Hakikisha pia ukitoa mguu namba inarudi sifuri kamili. Breki inayobaki asilimia 2 unaikokota mzunguko mzima bila kujua.

Pedali za kawaida hupima umbali uliosogea. Zile zenye kihisio cha uzito hupima nguvu, na mguu wa binadamu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali. Kama una pesa ya kununua kifaa kimoja tu, nunua pedali kabla ya usukani mpya. Kwa anayetumia kontrola, tafuta kipimo cha mkunjo wa breki na ukiongeze, ili sehemu ya mwanzo ya kidole isilete breki nyingi kwa mara moja.

Skrini inahusika vipi na breki?

Upana wa mtazamo usio sahihi hukudanganya kuhusu umbali na mwendo, na unajikuta unakanyaga mapema au kwa pupa. Skrini ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi. Ukikaa sentimita 60 mbele yake, pembe sahihi ya mlalo ni nyuzi 53. Gemu inayohesabu kwa wima itataka 31. Itaonekana kama unachungulia kwenye tundu kwa siku mbili tatu. Vumilia.

Nimepakua setapu ya mtu mwenye kasi sana, na gari haliendesheki.

Anaishi na mkia uliolegea kwa kuwa mguu wake unaachia breki kwa ustadi ambao wewe bado unaujenga. Ichukue kama mfano wa kusoma: linganisha namba zake na za setapu ya kawaida, uone alichobadilisha, kisha chukua upepo wa matairi na kimo cha gari. Mgawo wa breki na difu weka vyako.

Nitajuaje kwamba nilichobadilisha kimesaidia?

Badilisha kimoja, endesha mizunguko mitano, petroli ileile, hali ya hewa ileile. Lita 100 za petroli ni kilo 75 hivi, kwa hiyo ukijaribu kitu kimoja tangi likiwa limejaa na kingine likiwa tupu umelinganisha magari mawili tofauti. Usitazame mzunguko wako bora peke yake. Tazama tofauti kati ya ule bora na ule mbaya. Ikipungua, gari limekubali. Kisha rudi kwenye setapu ya mwanzo kwa mizunguko mitatu, kwa sababu mara nyingi kilichobadilika ni wewe kuizoea barabara.

Sasa gari limetulia kabisa, lakini linagoma kuingia kona. Nimeharibu?

Hujaharibu, umefika mahali pazuri pa kuanzia. Chagua kona moja ya polepole na moja inayokulazimisha kushika breki gari likiwa halijanyooka, kama Aremberg baada ya Schwedenkreuz kule Nordschleife, ule mzunguko mrefu wa Nürburgring, Ujerumani. Rudisha mgawo nyuma kwa asilimia 0.3 kila baada ya mizunguko mitatu, ukiendelea kuachia breki taratibu mpaka katikati ya kona. Itafika hatua utausikia mkia ukianza kusaidia kugeuza pua. Ongeza hatua moja zaidi. Ukijikuta unarekebisha usukani kila kona, rudi hatua mbili, uhifadhi setapu hiyo kwa jina lake, ndipo uguse difu.